Kopo la udongo: kisa cha binti wa Unguja aliyekaa mwaka mmoja Iowa

Wiki ya pili ya Novemba 2023, saa tano usiku, ujumbe uliingia kwenye simu yangu kutoka jimbo la Iowa, Marekani. Kwao ilikuwa saa nane mchana. Aliyeandika ni mratibu wa eneo, mama wa makamo anayewaangalia wanafunzi wa kubadilishana wanaoishi karibu na kwake. Alikuwa na swali moja tu: je, kwetu kuna maana yoyote msichana akijisugua udongo?

Mama mwenyeji, yaani mama wa familia iliyompokea, alimwona binti yetu, mwanafunzi niliyemwandaa kwa safari, kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba, penye bomba la bustani, anapaka udongo kwenye kiganja na upindo wa gauni, kisha anasuuza, anasuuza tena, midomo inahesabu. Kesho yake mama huyo alipanda juu kumpelekea nguo zilizofuliwa. Alipofungua droo akakuta kopo la mtindi limejaa udongo mkavu, umechekechwa, umetolewa vijiwe, na mfuniko umekazwa vizuri.

Msomaji aliyelelewa Zanzibar ameshajua: nyumba ile ina mbwa. Sisi wengi huku ni wa madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa na ulowevu wake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mratibu nilimjibu kwa sentensi mbili akaelewa. Lakini mimi usiku ule sikupata usingizi, na sababu ilikuwa lile kopo. Asubuhi nilimpigia binti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marhaba, mwanangu. Udongo wa kwenye droo ni wa nini?"

Alinyamaza. Halafu akanieleza taratibu kwamba kijana wa pale nyumbani alimwambia ikifika Disemba ardhi huganda ikawa kama jiwe, haichimbiki hata kwa sururu. Basi ameweka akiba.

Binti wa miaka 16 alikuwa amekaa kitandani, peke yake, akapiga hesabu ya namna atakavyolificha jambo hili mpaka Juni. Ndiyo maana nakiandika kisa hiki, kwa idhini yake na ya mama yake. Majina nimeyaacha yote, na programu iliyompeleka siitaji, kwa kuwa yaliyotokea yanaweza kumpata mtoto yeyote anayepitia programu yoyote kati ya zilizopo.

Programu inayojulikana zaidi kwetu ni ile ya Kennedy-Lugar, au YES kwa kifupi. Ilianzishwa Oktoba 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kwa juhudi za maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar, ili vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakasome mwaka mmoja Marekani huku wakiishi na familia za huko. Serikali ya Marekani ndiyo inayogharamia. Programu nyingine zipo, na zote zinazopeleka wanafunzi wa sekondari kwa viza ya J-1, viza ya wageni wa kubadilishana, zinabanwa na kanuni zilezile. Watu wazima wa nyumba hukaguliwa rekodi zao za uhalifu. Mratibu wa eneo lazima awasiliane na mwanafunzi na familia angalau mara moja kwa mwezi. Na familia mwenyeji hailipwi. Hili la mwisho wazazi wengi huku hawaliamini. Hudhani yule anayemchukua mtoto wa mtu mwaka mzima, akamlisha na kumpeleka skuli, lazima pana fungu lake mahali. Hapana. Wanafanya kwa kupenda, na msomaji alikumbuke hilo katika yote yanayofuata.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka kadhaa nimejitolea kuwaandaa vijana wanaosafiri: tunakaa nao, tunawafunza, tunawajibu wazazi wao. Binti huyu alipita mikononi mwangu.

Familia yake ilikaa mji mdogo, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Cedar Rapids. Baba anauza vipuri vya matrekta, mama ni muuguzi, wana mtoto mmoja wa kiume wa miaka 16, na mbwa mkubwa wa rangi ya mchanga anayependa watu. Iowa ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa mahindi, na ndilo linaloongoza kwa nguruwe: watu ni milioni 3 na kidogo, nguruwe ni zaidi ya milioni 20. Unaweza kudhani tatizo lingeanzia hapo. Halikuanzia hapo. Watu wale walikuwa wamesoma. Nyama ya nguruwe iliondoka mezani kabla binti hajatua uwanja wa ndege, na mama mwenyeji alikuwa ameshajifunza kukagua jelatini kwenye pakiti za peremende. Alishamchapishia nyakati za sala akazibandika ukutani. Mambo makubwa, yale yanayoandikwa kwenye vijitabu, waliyamaliza wote.

Basi tuje kwenye friji.

Jioni ya kwanza mama mwenyeji alimwonyesha nyumba. Walipofika jikoni akaufungua mlango wa friji wote, akamwambia: kila kilichomo humu ni chako, usiombe, chukua saa yoyote. Kwake hilo ndilo karibu kubwa kuliko yote, maana yake wewe si mgeni tena. Binti akatabasamu, akashukuru, na akaweka nadhiri moyoni kutolifungua friji lile kamwe. Kwetu friji la watu ni kama kabati lao la nguo. Mtoto aliyefunzwa adabu hata kwa mama yake mdogo halifungui mpaka aambiwe, na akiambiwa humwomba mwenyewe ampe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale walimpa jembe siku ya kwanza, kwa mapenzi, na yeye hakulitambua kuwa ni jembe.

Chakula cha jioni pale huliwa saa kumi na moja na nusu, jua bado liko juu. Kila mtu hujipakulia. Akimaliza sahani huulizwa, "Unataka zaidi?" naye hujibu, "Hapana, ahsante, nimeshiba." Kila msomaji wangu anaijua hapana hiyo. Ni hodi tu. Nyumbani kwao angejibiwa, "Umekula nini wewe? Lete sahani," na upawa ungeshuka kabla hajamaliza kukataa. Kule hapana ilipokelewa kama hapana. Mama mwenyeji amefunzwa kwamba kumshindilia mtoto chakula baada ya kusema ameshiba ni kutomheshimu yeye na mwili wake. Kwa hiyo alimheshimu, kila usiku, na mtoto akalala na njaa, kila usiku. Ikifika saa tatu, saa ambayo kwao Ng'ambo, mjini Unguja, ndiyo kwanza watu wanatandika mkeka, tumbo lilikuwa linanguruma. Alikunywa maji ya bomba la chooni. Alinunua karanga kwenye mashine ya skuli akazitia mfukoni mwa begi. Kufika Oktoba sketi zilikuwa zinamshuka, akazibana kiunoni kwa pini.

Mtu atauliza kwa nini asishuke tu akale tunda lililo mezani. Hapa pana jambo jingine ambalo hata mimi sikuliwaza mpaka aliponieleza. Chumba chake kiko juu, na cha yule kijana kiko juu vilevile, mlango kwa mlango. Kijana si maharimu wake, yaani si jamaa asiyeweza kuoana naye, kwa hiyo hujisitiri mbele yake. Kila alipotaka kutoka, hata kwenda kunywa maji, ilibidi avae gauni refu, afunge mtandio, abane pini, ndipo afungue mlango. Fanya hivyo mara kumi kwa siku, katika nyumba ambamo wengine wote wanazunguka na kaptura na soksi. Akaona bora atulie chumbani. Na akiwa chumbani hafiki sebuleni kutazama mpira na wenzake, wala hacheki nao. Familia ikaona mlango uliofungwa.

Sasa jiweke upande wao. Una mtoto wa watu, anakula kidogo, anakaa chumbani, ukimuuliza anasema kila kitu ni kizuri. Unamwona anatembea amejibana ukutani mbwa akipita. Unamkuta nje anajisugua udongo. Walikuwa na hofu kwamba ni mgonjwa, au kwamba wao wenyewe ndio wanaomuumiza bila kujua. Katika ujumbe wa pili mratibu aliniambia kwamba familia imeanza kufikiri huenda binti angekuwa na furaha zaidi kwingine, na kwamba wao hawatamzuia. Kuhamishwa familia kunaruhusiwa, na mara nyingine ndiyo salama ya mtoto. Lakini huyu angehamia nyumba nyingine yenye friji lingine, na huenda yenye mbwa mwingine, akiwa na mdomo uleule uliofungwa. Nilisimama imara kwamba asihamishwe kabla hajasema, na mpaka leo naamini huo ndio uliokuwa uamuzi mzito kuliko wote katika kisa hiki.

Wapo walioniambia nisubiri. Kwenye mafunzo ya watu wanaohamia ughaibuni huchorwa mstari wa herufi U: furaha ya mwanzo, mporomoko, halafu kupanda tena. Asili yake ni utafiti wa mwanasosiolojia Sverre Lysgaard wa mwaka 1955 kwa Wanorwe waliosoma Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani. Nimeuchora ubaoni mara nyingi mwenyewe, na huwasaidia vijana kujua kwamba huzuni ya mwezi wa tatu si ugonjwa. Lakini hapa mchoro ule ungetudanganya. Neno "mshtuko wa utamaduni" lingetufanya tukunje mikono tungoje mstari upande, wakati mtoto ana njaa ya kweli, njaa ya tumbo, na dawa yake ni chakula.

Kwa nini haikujulikana mapema, na mratibu anauliza kila mwezi? Aliuliza kweli, Septemba na Oktoba. Nilimtaka anieleze alivyouliza. Mara zote mbili ilikuwa sebuleni, mama mwenyeji yupo, juisi iko mezani, na swali lilikuwa "Una furaha hapa?" Mtoto wa Kiunguja ajibu nini? Amseme mwenyeji wake mbele yake, naye ameshika bilauri ya juisi aliyopewa? Alisema ana furaha sana. Alidanganya, na nilimwambia waziwazi kwamba alikosea, naye akakubali. Lakini swali lilikuwa limemtegea. Tangu wakati ule mimi na yule mratibu tumekubaliana kuuliza faraghani, na kuuliza mambo yanayoshikika: jana usiku ulikula nini, saa ngapi? Mara ya mwisho ulikaa sebuleni lini? Kuna mlango wowote humu ndani unaogopa kuufungua?

Kabla ya kuzungumza na familia nilikwenda kwa sheikh wa mtaani kwetu. Nilitaka binti apate jawabu la dini kutoka kwa mwenye elimu, asije akadhani mwalimu wake anamlegezea tu. Sheikh alimpigia simu mwenyewe. Alimweleza kwamba mbwa mkavu akimpita mtu mkavu hakuna kinachohama, kwa hiyo manyoya kugusa gauni si msiba. Saba na udongo ni pale penye ulowevu. Akamwambia pia kwamba kwa madhehebu ya Maliki mbwa si najisi, na kwamba wanavyuoni hawakuwaita watu kwenye dini ili wakonde. Baadaye binti aliniambia kwamba zaidi ya hukumu yenyewe, kilichomtua mzigo ni kwamba mtu mzima alilichukulia swali lake kuwa ni swali. Yeye alikuwa akijiona mjinga wa kuhangaika na mbwa.

Jumapili tulikutana kwenye simu ya video: yeye, baba na mama mwenyeji, mratibu na mimi. Nilikuwa nimemwandalia la kusema, nikamwomba aliseme yeye. Alianza na mbwa, kwa kuwa ndilo jepesi. Alipofika kwenye chakula sauti ilimpotea. Mama mwenyeji aliweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka. Muuguzi, anayepima uzito wa watu kazini kila siku, na ndani ya nyumba yake mwenyewe hakuona. Baba aliuliza, "Wiki ngapi?" Binti akamtajia. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema angependa angeambiwa wiki ya kwanza. Hakugomba, na sauti yake haikupanda, lakini yalikuwa malalamiko, na yalikuwa ya haki.

Waliyokubaliana yalikuwa madogo na yakatimizwa siku ileile. Chumba kidogo cha kushonea kikawa cha kusalia, mbwa hakanyagi. Kwenye friji ikatengwa rafu moja yenye jina lake, na baada ya saa mbili usiku mama mwenyeji akaanza kupakua sahani na kuiweka mezani bila kuuliza. Udongo wenyewe hawakuuondoa. Mama huyo alikwenda duka la bustani akanunua mfuko mzima, akauweka chumba cha kufulia kando ya sinki, na kikombe juu yake.

Na kijana alifunzwa neno hodi. Hakuna lililonifurahisha kama hili. Kila alipopanda ngazi alisimama kidato cha mwisho akaita "Hodi!" kwa lafudhi ya Iowa, na binti akajibu "Karibu" ikiwa yuko sawa, au "Subiri." Ndani ya wiki moja nyumba nzima ilikuwa inapiga hodi. Mlango ukaanza kukaa wazi, kwa sababu sasa kulikuwa na kitu cha kuulinda badala ya kitasa.

Miezi iliyofuata naipita haraka, kwa kuwa ilikwenda kama miezi ya wanafunzi wengine inavyokwenda. Januari 15, baridi ikiwa karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, baba mwenyeji alimchukua akaone wanachama wa Republican wanavyoanza kumchagua mgombea wao wa urais. Alichokishika ni vikaratasi vitupu ambavyo watu waliandika jina kwa mkono, vikahesabiwa palepale mbele ya kila mtu. Alinisimulia hilo kwa dakika arobaini. Mwezi wa Ramadhani, ulioanza Machi 11, familia ilimpeleka Cedar Rapids kwenye msikiti uliojengwa mwaka 1934, unaotajwa kuwa ndio mkongwe kuliko yote iliyojengwa tangu mwanzo kuwa misikiti na bado imesimama Marekani. Kinyumba kidogo cha mbao, na juu yake kuba la kijani, katikati ya mtaa wa kawaida. Alitazamia kwenda Marekani kuwaeleza watu Uislamu, akakuta waliomtangulia kwa miaka tisini.

Jua la Iowa mwezi ule lilizama kama saa moja na dakika ishirini jioni. Huku kwetu ilikuwa saa tisa na dakika ishirini usiku. Mama yake alikuwa anaamka kula daku wakati mtoto anafuturu. Waliweka simu kila mmoja mbele ya sahani yake, wakala pamoja mwezi mzima, mmoja anaufungua mfungo na mwingine anauanza. Upande wa kule mama mwenyeji alikaa naye na tende zake, akajifunza kusema bismillahi. Mama wawili hawakuwa na lugha ya pamoja, basi kila mmoja alimwinulia mwenzake chakula kwenye kioo cha simu kumwonyesha amepika nini.

Kosa langu mimi liko wapi? Tuliwafunza vijana wale kukunja bendera, kueleza kanga, kucheza, kupika mkate wa kumimina kwa ajili ya maonyesho ya Novemba, wakati skuli za huko huadhimisha elimu ya kimataifa. Tulitumia Jumamosi mbili kwenye wasilisho la picha kuhusu Tanzania. Tulimfunza binti kuiwakilisha nchi na hatukumfunza kuomba chakula. Tena tulimsifu kwa upole wake. Kwenye usaili niliandika kwa mkono wangu, "Mtulivu, hana usumbufu," kama sifa, nikampa alama za juu kwa sababu hiyo. Sasa kwenye mafunzo tuna friji la kweli, lipo chumba cha walimu. Kijana anaingia na njaa, saa saba mchana, mimi nakaa mezani nasoma gazeti, namwambia chukua utakacho. Wengine wanasimama robo saa wakilitazama. Tunarudia mpaka mkono uende wenyewe.

Lakini friji lina upande wake wa pili, na hili lilinifikia baada ya Juni 2024, aliporudi. Wiki ya kwanza alikwenda kwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba. Akatengewa pilau. Akasema, "Hapana shangazi, sina njaa, nimetoka kula." Kisha akanyamaza, hakuongeza neno, akiwa na uso mkunjufu, kama alivyozoea. Shangazi alifunika sinia. Siku tatu baadaye mtaa mzima ulikuwa umesikia kwamba mtoto amekwenda Marekani akarudi anadharau chakula cha wakubwa. Mama yake alinijia analia, na hakuwa na makosa kunijia mimi.

Nilimwita binti, tukakaa barazani. Sikumwambia afanye nini. Nilimuuliza tu ile hapana aliyomwambia shangazi ilikuwa ya wapi. Alifikiri, akacheka kidogo, akaziba uso kwa mtandio.

Ijumaa iliyofuata alipika mkate wa kumimina, akaufunga kwa kitambaa, akaenda nao. Alipiga hodi mara tatu. Shangazi alimpokea kwa ubaridi, akaupokea mkate, akamwambia akae. Alipotenga chakula hakumkaribisha, alimwangalia tu. Binti akanawa mikono, akavuta sinia, akala, ingawa alikuwa ametoka kula nyumbani.